Unyenyekevu wa nani? Habari za Mamboya, Kilosa na Mikumi

Watanzania wengi wanaifahamu wilaya ya Kilosa kupitia dirisha la basi. Unatoka Dar alfajiri, ukifika Mikumi dereva anapunguza mwendo kwa kuogopa faini ya kugonga mnyama, abiria wote wanageukia upande mmoja kuangalia tembo, halafu mazungumzo yanarudi kwenye mpira na bei ya mchele. Wanaokwenda Dodoma nao wanaipita wilaya hiyo hiyo kwa upande wa kaskazini, Dumila, Magubike, bila kujua kwamba ukiiacha lami na kuifuata milima ya Ukaguru unafika mahali panapoitwa Mamboya.

Mamboya ndiko ninakotaka twende leo, ndugu msomaji. Na sababu yenyewe ni neno moja ambalo kila mtu aliyewahi kukaa kwenye benchi la kanisa nchini mwetu amelisikia mpaka limemchosha: jishushe, utakwezwa. Mtii Mungu, nyenyekea, wakati wake ukifika atakuinua. Sina ugomvi na neno hilo. Nimelelewa nalo. Ila kama mwandishi wa habari nimezoea kuuliza swali la kwanza kabisa tunalofundishwa chumba cha habari: nani anamwambia nani? Ukiuliza swali hilo kwenye historia ya Kilosa, unapata majibu tofauti kwa nyakati tofauti, na tofauti hizo ndizo zilizonifanya niandike.

Kwanza tukumbushane mafundisho yenyewe yanasemaje. Paulo, katika waraka kwa Wafilipi sura ya 2, anasimulia jinsi Kristo aliyekuwa juu kabisa alivyoshuka, akawa mtumwa, akatii mpaka kufa msalabani, na kwa sababu hiyo Mungu akamkweza kupita wote. Angalia mpangilio wa habari hiyo. Anayeshuka ni yule aliye juu. Hakuna mahali ambapo mwenye nguvu anasimama mlangoni na kumwamuru mnyonge ainame zaidi. Hata ule mfano wa viti vya karamu kwenye Luka 14, Yesu aliutoa kwa wageni waliokuwa wanagombania viti vya mbele, si kwa waliokuwa wamesimama nje.

Mtakatifu Benedikto, yule mmonaki wa Italia wa karne ya 6, alikazia jambo hilo katika Kanuni aliyowaandikia wamonaki wake. Sura ya 7 inaeleza ngazi yenye vidato 12 vya unyenyekevu: anayejiinua anashuka, anayejishusha anapanda. Sura hiyo inanukuliwa sana. Isiyonukuliwa sana ni sura ya 3, ambamo abati anaagizwa kuita jumuiya nzima panapokuwa na jambo zito na kusikiliza hata mdogo wa mwisho, kwa kuwa mara nyingi Mungu humfunulia mdogo lililo jema zaidi. Yaani utii wa mtawa umewekewa mwenzake, nao ni sikio la mkubwa. Ukiondoa moja, lingine linageuka kitu kingine kabisa.

Sasa twende Mamboya.

Mwaka 1875 Henry Stanley aliandika barua kutoka Buganda, ikachapishwa London, akiomba wamisionari waende kwa Kabaka Mutesa. Chama cha CMS kikaitikia, na msafara wa kwanza ukaingia bara mwaka 1876. Njia ilikuwa ndefu, kwa hiyo wakahitaji vituo vya kupumzikia. Mpwapwa kikawa kimoja, Mamboya kingine. Kwa maneno mengine, Mkaguru hakuwa shabaha ya safari ile. Alikuwa jirani wa kituo cha njiani. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 alikuwapo pale Joseph Last, mmisionari ambaye hakuwa kasisi. Akakaa chini kujifunza Kikaguru, na mwaka 1886 ikachapishwa London sarufi yake ya lugha hiyo.

Mimi naona hicho ndicho kipindi ambacho Ukaguru ulimwona Mzungu mnyenyekevu, apende asipende. Hakukuwa na serikali ya kumlinda. Chakula alinunua kwa wenyeji, wapagazi aliwaomba, njia ilikuwa ya watu. Na mtu anayejifunza lugha ya ugenini ni mtoto tu, hata awe na ndevu mpaka kifuani. Watoto wa miaka 5 wanamcheka anavyotamka, naye anawauliza tena.

Wakaguru wenyewe, wala hili si jambo la kupita haraka, walikuwa na namna yao ya kumshusha mtu kabla ya Biblia kufika. Nazungumzia utani. Msibani, wakati wafiwa wamejaa huzuni na heshima, mtani anaingia na vituko vyake, anamwiga marehemu, anadai malipo, anamwambia mkubwa maneno ambayo mtu mwingine angepigwa kwa kuyasema. Na mkubwa hana ruhusa ya kukasirika. Sisemi kwamba utani ni Injili. Nasema tu kwamba watu wa milima ile hawakuhitaji kufundishwa na mgeni kwamba kila mkubwa anahitaji mtu wa kumkumbusha kuwa naye ni mtu.

Kisha mambo yakageuka. Mwishoni mwa 1884 Carl Peters alizunguka na karatasi zake za mikataba, na Usagara, ambayo Kilosa ni sehemu yake, ikawa miongoni mwa nchi nne zilizotiwa sahihi. Februari 1885 Kaiser akatoa barua ya ulinzi. Yakafuata mapigano ya pwani, na mwaka 1889 watu wa Bushiri walifika mpaka Mpwapwa, wakaichoma ngome ya Wajerumani na misheni ya CMS. Bushiri alinyongwa Pangani Desemba mwaka huo huo. Baada ya hapo mmisionari wa Ukaguru, ambaye hata hakuwa Mjerumani, alijikuta anaishi chini ya dola yenye bunduki na kodi. Hakuomba tena njia. Neno utii likaanza kusikika sehemu tatu kwa wakati mmoja: bomani, shuleni na kanisani. Ukikaa kijijini na kusikia neno moja kutoka midomo mitatu, utajuaje lipi ni la Mungu?

Kuna kitabu nilikutana nacho maktaba nilipokuwa Mlimani, cha mwanaanthropolojia Mmarekani Thomas Beidelman, kilichochapishwa mwaka 1982. Beidelman alifanya utafiti Ukaguru mwishoni mwa miaka ya 1950, na kitabu chake kinahusu wamisionari hao hao wa CMS. Si rafiki wa misheni, tuelewane. Kuna kurasa nilizoona amewaonea. Lakini hoja yake kuu ni ngumu kuikwepa: watu waliohubiri usawa wa roho mbele za Mungu walijenga maisha ambamo Mwafrika anabaki mwanafunzi daima, na Mzungu mwalimu daima. Pombe, ngoma, ndoa ya wake wengi, kila kitu kilikuwa na kanuni na adhabu, na adhabu ilitoka juu kwenda chini. Aliye juu alitubu dhambi zake faraghani, aliye chini alitengwa na meza ya Bwana mbele ya majirani.

Kulikuwa na wakati mmoja ambapo ngazi hiyo ilipinduliwa kwa nguvu. Vita ya kwanza ya dunia ilipoanza, wamisionari wa CMS wakawa raia wa adui ndani ya koloni la Kijerumani. Waliwekwa kizuizini Kiboriani karibu na Mpwapwa, kisha Tabora, mpaka Wabelgiji walipoiteka Tabora Septemba 1916. Walimu wa Kiafrika wa misheni walipata makubwa zaidi, maana walishukiwa kuwa wapelelezi, na kifungo cha Mwafrika hakikuwa na heshima yoyote. Makanisa ya vijijini yakabaki mikononi mwa wenyeji. Vita ilipoisha wamisionari walirudi, na mwaka 1927 ikaundwa Dayosisi ya Tanganyika ya Kati, makao Dodoma, chini ya Askofu George Chambers kutoka Australia. Viti vikarudishwa kama vilivyokuwa.

Hapa ndipo linapoingia jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha habari yote: uamsho.

Septemba 1929, kilima cha Namirembe, Kampala. Joe Church, daktari kijana wa Kiingereza aliyesoma Cambridge na kufanya kazi hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, amechoka na amekata tamaa. Anakutana na Simeoni Nsibambi, Muganda mwenye kazi ya serikali katika idara ya afya. Wanakaa siku mbili wakisoma Biblia na kuomba pamoja. Zingatia, ndugu msomaji: mwaka 1929, katika himaya ya Mwingereza, daktari Mzungu anakaa na Mwafrika, si kumfundisha bali kutafuta pamoja naye. Church alirudi Gahini akiwa mtu mwingine. Nsibambi aliacha kazi yake akawa mhubiri wa barabarani.

Gahini kulikuwa na msaidizi wa hospitali aitwaye Yosiya Kinuka, ambaye hakuwa na raha na mambo ya pale. Alikwenda Kampala kwa Nsibambi akiwa na orodha ya malalamiko. Nsibambi akamwambia aanze na moyo wake mwenyewe. Ukiisoma habari hiyo peke yake unaweza kukasirika, ukasema, haya, yale yale, mnyonge anaambiwa ajirekebishe. Nami nilikasirika kidogo. Lakini endelea kusoma. Kinuka aliporudi na kuungama, mlango uliofunguka haukuwa wa upande mmoja. Katika vikundi vya uamsho Wazungu nao walianza kusimama mbele ya Waafrika na kutaja kwa jina dhambi ya kiburi cha rangi, ukali kwa wafanyakazi, dharau. Walikaa benchi moja, wakaitana ndugu. Waliita jambo hilo kutembea nuruni.

Mwaka 1939 moto huo ulivuka mpaka na kuingia Tanganyika, katika chuo cha ualimu cha Katoke kule Bukoba. Miaka ya 1940 ulifika Dodoma, na mmoja wa waliouleta alikuwa mwalimu kijana kutoka Uganda, Festo Kivengere wa Kigezi, aliyehamia Dodoma na mkewe Mera wakafundisha huko hadi 1959. Kutoka Dodoma mpaka Berega na Mamboya ni dayosisi ile ile moja wakati huo. Ukaguru nao ukaupata uamsho.

Haukuwa mtamu kwa wote. Kwa watu ambao aibu ya mtu husitiriwa ndani ya ukoo, kusimama mbele ya kadamnasi na kutaja wizi au uzinzi lilikuwa jambo la kutisha, na anayetaja dhambi yake mara nyingi anataja na mwenzake. Walokole wengine waligeuza unyenyekevu kuwa cheo: sisi tumevunjika, ninyi bado. Nimewahi kukutana na watu wa namna hiyo, na nakuhakikishia hakuna kiburi kigumu kama cha mtu anayejua kuwa yeye ni mnyenyekevu. Pamoja na hayo, uamsho ulifanya kitu ambacho miaka 60 ya misheni haikuwa imekifanya. Ulimpa Mwafrika haki ya kumwambia Mzungu, ndugu, hapa umekosea, na ukamfundisha Mzungu kujibu, ni kweli, nisamehe.

Tarehe 15 Mei 1955, juu ya kilima kile kile cha Namirembe, Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, aliweka wakfu maaskofu wanne Waafrika kwa siku moja. Festo Olang' na Obadiah Kariuki kwa ajili ya Kenya, Daniel Deng Atong kwa ajili ya Sudan, na Yohana Omari kwa ajili ya Tanganyika ya Kati. Kariuki alikuwa mtu wa uamsho, na pia shemeji wa Jomo Kenyatta, ambaye siku hiyo alikuwa kifungoni. Wakati huo huo Kenya wanauamsho wa Kikuyu walikuwa wamekataa kiapo cha Mau Mau na wengine wakakataa pia bunduki za Mwingereza. Baadhi yao waliuawa. Hao hawakumtii yeyote kati ya wawili waliodai utii wao.

Yohana Omari ndiye Mtanganyika wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana. Wakatoliki walitangulia miaka mitatu kwa Laurean Rugambwa, mwaka 1952. Omari alikuwa askofu msaidizi chini ya Alfred Stanway, Mwaustralia, na eneo la Morogoro, pamoja na Kilosa yetu, likawa sehemu ya kazi yake. Fikiria mwaka wenyewe. TANU haijatimiza mwaka mmoja. Nyerere ametoka kuacha ualimu Pugu miezi miwili tu iliyopita. Gavana Twining bado anaamini ana miongo ya kutawala. Na huko Ukaguru, Mzungu mmisionari anapiga magoti kupokea baraka kwa mkono wa mtu mweusi. Wanasiasa walikuwa bado wanaomba viti kwenye baraza la kutunga sheria.

Sasa tushuke kutoka milimani twende kusini mwa wilaya, Mikumi. Ukiacha tembo na ile minazi mwitu iliyoupa mji jina, Mikumi kuna hospitali ya Kanisa Katoliki inayoitwa St. Kizito. Wagonjwa wanalitaja jina hilo kila siku, madereva wa bodaboda wanalitumia kuelekezana. Kizito alikuwa nani?

Alikuwa mtoto. Mdogo kuliko wote kati ya mashahidi wa Uganda, karibu miaka 14, mtumishi katika jumba la Kabaka Mwanga. Kazi ya watumishi hao ilikuwa utii mtupu: simama, leta, piga magoti. Na habari yao inaanzia kwa mtu aliyepita njia ya Mamboya. James Hannington, kasisi wa CMS, alisafiri kwa njia hiyo mwaka 1882 kuelekea Ziwa Victoria, akaugua, akarudishwa kwao. Aliporudi Afrika akiwa askofu alipitia njia ya Kenya, na tarehe 29 Oktoba 1885 akauawa Busoga kwa amri ya Mwanga. Aliyethubutu kumwambia Kabaka kwamba amekosea ni Joseph Mukasa Balikuddembe, mkuu wa watumishi hao, Mkatoliki akimtetea Mprotestanti. Novemba 15 akauawa. Tarehe 3 Juni 1886, Kizito, Charles Lwanga na wenzao walichomwa moto Namugongo. Oktoba 18, 1964, Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu Wakatoliki 22 kati ya mashahidi hao.

Kama kuna mtu aliyeinuliwa kwa unyenyekevu na utii katika sehemu zetu hizi, basi ni mtoto huyu ambaye jina lake limebandikwa mlangoni mwa hospitali ya Mikumi. Lakini utii wake ulikuwa wa namna gani? Alimtumikia mfalme kwa kila kitu mpaka mfalme alipotaka kitu ambacho si chake, hapo akakataa. Hakutukana, hakupiga. Alikataa tu. Janani Luwum, Askofu Mkuu wa Uganda, mwanauamsho aliyeokoka Januari 1948, alifanya vivyo hivyo mbele ya Idi Amin. Maaskofu walimwandikia Amin barua ya heshima kulaani mauaji, na tarehe 16 Februari 1977 Luwum akauawa.

Ninayaandika haya kwa sababu neno utii limetumika vibaya karibu yetu, na katika miaka ambayo sisi vijana tunaikumbuka. Machi 17, 2000, mamia ya watu waliteketea kanisani Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, wakiwa wamewafuata viongozi waliowaahidi mbingu. Kuanzia Aprili 2023, msituni Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge mpaka wafe wakutane na Yesu. Miongoni mwao watoto wengi. Mhubiri wao, Paul Mackenzie, alikamatwa akiwa hai. Yeye hakuwa amefunga mpaka kufa. Unaiona ile ngazi? Wanaoshuka ni wa chini peke yao.

Si lazima mtu afike Shakahola. Kuna makanisa ya mjini ambako muumini akiuliza matumizi ya sadaka anaambiwa ana roho ya uasi, na binti akilalamika kuhusu mchungaji anaambiwa ajinyenyekeze. Ukiwauliza viongozi hao ni nani anayeweza kuwaambia wamekosea, watakujibu ni Mungu. Nsibambi, Kinuka na Church wasingejibu hivyo. Abati wa Benedikto asingeruhusiwa kujibu hivyo.

Nirudi Morogoro nimalizie habari ya Askofu Omari. Alifariki mwaka 1963. Miaka miwili baadaye Askofu Stanway aliikata dayosisi yake, Morogoro ikawa dayosisi inayojitegemea, ikibeba Kilosa, Mamboya na Berega, na askofu wake wa kwanza akawa Gresford Chitemo, naye mtu wa uamsho. Alikikalia kiti hicho kwa zaidi ya miaka 20. Kisha akakiacha mwenyewe, akaenda kuhubiri Injili na shirika lile ambalo Festo Kivengere, yule mwalimu wa Dodoma, alikuwa akiliongoza Afrika Mashariki.